Kupotea na Kufa Maji: Kisa cha Meli Khedive Ismail

Nyumbani kwetu, kila alipotajwa kaka mkubwa wa baba yangu, sentensi ilikuwa moja na haikubadilika: "Alipotea Burma." Niliisikia kwa bibi mzaa baba, nikaisikia kwa baba, na zaidi niliisikia kwa shangazi yangu, ambaye alikuwa binti wa miaka kumi na minne hivi kaka yake alipovaa sare akaondoka. Kwa miaka 35 nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na kazi yangu ilikuwa kuwazoeza vijana kuipima sentensi kabla ya kuiamini. Ile ya nyumbani sikuipima. Ina maneno mawili tu, na leo najua kwamba yote mawili si ya kweli. Baba mkubwa hakufika Burma, wala hakupotea.

Baba alipofariki mwaka 1994 nilirithi kasha lake la vitabu, na ndani yake, katika msahafu wa zamani, mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imepigwa taipu kwa Kiingereza. Ilitaja namba ya askari, jina lake, kikosi chake, yaani Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, na tarehe 12 Februari 1944. Kisha ikasema kwamba askari huyo hajulikani alipo baharini, na kwamba inaaminika amekufa maji. Shangazi alinisimulia siku karatasi hiyo ilipofika kijijini. Karani aliyeileta aliisoma kwa sauti mbele ya babu, akaifasiri kwa maneno mawili: "Amepotea baharini." Maneno yaliyofuata, ya kufa maji, ama hakuyasema ama hayakusikika. Simlaumu sana. Huenda aliona huruma. Lakini mwalimu wa lugha hawezi kuipita tafsiri hiyo bila kusimama.

Kupotea si kufa. Mbuzi hupotea akapatikana kwa jirani. Mtoto hupotea sokoni akaletwa akilia. Na mtu aliyepotea njia huelekezwa akafika. Kitenzi hicho huacha mlango wazi nyuma yake. Kufa maji ni neno jingine kabisa. Kiswahili hakikuridhika kusema mtu amekufa ndani ya maji au kwa sababu ya maji. Kimeyaunganisha maneno mawili yakawa namna moja ya kufa, nasi twamwita mtu huyo mfa maji, yule ambaye methali inasema haachi kutapatapa. Watu wa pwani walihitaji neno hilo, wakalitengeneza. Babu yangu, mvuvi mwenye dau, alilijua tangu utotoni. Lau angeliambiwa "amekufa maji", angelijua la kufanya siku ileile. Aliambiwa "amepotea", akaketi barazani kungoja.

Lugha yetu imelipa neno matanga kazi mbili. Ni vile vitambaa vya chombo vinavyopokea upepo, na ni zile siku za msiba ambazo jamaa hulala chini nyumbani kwa marehemu. Matanga ya aina ya kwanza babu aliyatweka na kuyatua maisha yake yote. Ya aina ya pili, kwa mwanawe huyu, hakuyaweka hata siku moja. Na kwa kuwa hapakuwa na matanga, hapakuwa na eda. Mama mkubwa, mkewe, alikuwa na mtoto anyonyaye. Hakuwa mjane, na mume hakuwa naye. Alikaa hivyo hadi mwaka 1950, kadhi alipolitazama shauri lake akampa ruhusa ya kuolewa. Vijana waliorudi vitani mwaka 1945 na 1946 walikuja na hadithi za Burma, za mvua isiyokatika na matope ya magotini, na kwa sababu wote walikuwa wametoka huko, familia ikamweka na yeye huko. Ndivyo "amepotea baharini" ilivyogeuka kuwa "alipotea Burma".

Nieleze sasa jinsi ilivyokuwa.

Meli iliyomchukua haikuzaliwa kuwa meli ya vita. Iliundwa Greenock, huko Uskoti, katika karakana ya Scotts, mwaka 1922, kwa ajili ya kampuni ya meli ya Chile. Jina lake la kwanza lilikuwa Aconcagua, jina la mlima ulio mrefu kupita yote ya bara la Amerika. Ilikuwa meli ya abiria, yenye saluni na vyumba vya kulala, ikisafiri kati ya Valparaíso na New York kwa kupitia mfereji wa Panama. Ilikuwa na pacha wake, Teno. Biashara ilipoharibika duniani katika miaka ya 1930, meli zote mbili zilirudi mikononi mwa waundaji, na mwaka 1935 zikanunuliwa na kampuni ya Misri iliyokuwa ikiitwa Khedivial Mail Line. Teno ikapewa jina la Mohamed Ali El-Kebir, na Aconcagua ikaitwa Khedive Ismail.

Hapa naomba nipotoke kidogo, kwani jina hilo si geni katika pwani yetu. Khedive Ismail ndiye mtawala wa Misri ambaye mwaka 1875 alituma merikebu zake za vita kwenye mwambao wa kaskazini, chini ya McKillop, Mwingereza aliyekuwa akimtumikia. Zikaiteka Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya Sultani Barghash wa Unguja, na Kismayu ikapewa jina la Bandari ya Ismail. Barghash aliwalilia Waingereza, nao wakambana Khedive, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata askari wake wakaondoka. Miaka sabini baadaye kasoro moja, vijana wa mwambao huohuo na wa bara yake walipanda Kilindini chombo chenye jina la mtu huyo. Sidhani kama kuna aliyewaambia, na hata wangeambiwa isingewapunguzia wala kuwaongezea kitu. Lakini mimi kila ninapoliandika jina hilo, naikumbuka Kismayu.

Vita ilipopamba moto, mwaka 1940 serikali ya Uingereza iliitwaa meli hiyo ili ibebe wanajeshi. Meli za abiria za aina nyingi zilifanyiwa hivyo. Saluni hubaki saluni, lakini ghala hufungwa vitanda vya kuning'inia, sitaha hupachikwa mizinga, na mahali pa abiria mia chache wakaingia zaidi ya elfu. Pacha wake hakudumu. Mohamed Ali El-Kebir ilipigwa na nyambizi ya Wajerumani katika bahari ya Atlantiki mwezi Agosti 1940. Khedive Ismail ikaendelea peke yake miaka mitatu na nusu.

Mwezi Februari 1944 ilikuwa Mombasa. Majeshi ya Afrika Mashariki yalikuwa yakivushwa kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ili yajiandae kuingia Burma kupigana na Wajapani. Divisheni ya 11 ilikuwa imekwisha tangulia mwaka uliopita. Sasa ilikuwa zamu ya Rejimenti ya 301, askari wa mizinga na maafisa wao, jumla yao 996. Pamoja nao walipanda wanamaji 271 wa Uingereza, na wanawake zaidi ya themanini, wengi wao wauguzi waliokuwa wakienda kwenye hospitali za kijeshi. Alikuwemo pia mwandishi wa habari Kenneth Gandar-Dower, aliyewahi kuandika habari za askari wa Keya huko Madagaska. Huyu ndiye yule aliyewachukua duma kutoka Kenya akawapeleka London mwaka 1937 kushindana mbio katika viwanja vya mbwa. Tukiwahesabu na mabaharia wa chombo, waliokuwa ndani ya Khedive Ismail walikuwa watu 1,511.

Zilisafiri meli tano za kubeba watu, katika msafara ulioitwa KR 8: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Zililindwa na manowari kubwa, Hawkins, na baadaye zikaungana na manowari mbili ndogo zenye mbio, Paladin na Petard. Tarehe 12 Februari, siku ya Jumamosi, zilikuwa karibu na visiwa vya Maldivi, kaskazini kidogo ya mstari wa ikweta. Bahari ilikuwa shwari. Baada ya chakula cha mchana abiria wengi walikuwa ndani ya meli, wengine wakijipumzisha, wengine wakisikiliza tamasha la muziki lililoandaliwa kuwapotezea muda wa safari.

Saa nane na nusu mchana nyambizi ya Wajapani, I-27, iliyoongozwa na Kamanda Toshiaki Fukumura, ilirusha topido. Mbili ziliipata Khedive Ismail. Nyambizi hiyo haikuwa ngeni katika kazi yake. Mwaka 1942, ikiwa chini ya kamanda mwingine, ilikuwa miongoni mwa zile zilizopeleka vyombo vidogo vya vita kuingia kwa siri katika bandari ya Sydney, na baada ya hapo ilikuwa ikiwinda meli za mizigo katika Bahari ya Hindi.

Meli haikumaliza dakika tatu juu ya maji. Ilivunjika, ikalala, ikazama. Wasomaji wenzangu waliowahi kusafiri kwa meli wajaribu kukumbuka ngazi za ndani, zilivyo nyembamba, na jinsi watu wanavyopishana kwa ubavu hata siku ya salama. Wale waliokuwa sitaha za chini hawakupata nafasi hata ya kuuliza kulikoni. Waliojikuta majini ni waliokuwa juu, au karibu na mlango, au waliotupwa nje na mlipuko. Kati ya askari wetu wengi walikuwa watoto wa bara, ambao bahari waliiona kwa mara ya kwanza waliposhuka garimoshi Mombasa.

Meli nyingine nne zilitawanyika kwa mbio, kama ilivyoamriwa katika mazingira hayo, kwani meli inayosimama kuokoa watu ndiyo inayofuata kupigwa. Paladin ikashusha mashua kuwaokota watu. Petard ikaanza kumsaka adui. Na adui, kwa mujibu wa kumbukumbu za tukio hilo, alikuwa amejificha chini kabisa ya watu waliokuwa wakielea.

Nimeifikia sehemu ambayo kwa miaka mingi sikutaka kuiandika. Silaha ya kuipigia nyambizi wakati ule ilikuwa mapipa ya baruti yanayotupwa majini na kulipuka kwenye kina kilichopangwa. Maji hayabonyei kama hewa. Pigo la mlipuko husafiri ndani yake likiwa zima, na aliye karibu hupasuka matumbo bila ngozi yake kuonyesha jeraha. Mapipa hayo yalitupwa pale walipokuwa watu. Waliokuwa juu ya sitaha ya manowari waliwaona wakipunga mikono, wakidhani wamefikiwa. Wengi walionusurika na topido walikufa kwa mapipa hayo, nayo yalikuwa ya upande wao.

Nahodha wa Petard, Rupert Egan, alikuwa na hesabu ya kufanya, na hesabu yenyewe haikuwa ngumu, na hilo ndilo linaloisumbua nafsi. Meli nne zilikuwa bado zinaonekana, zimejaa maelfu ya watu. Nyambizi ikiachwa ingezifuata, na hata Paladin yenyewe, iliyosimama ikiokota watu, ilikuwa shabaha rahisi. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara nafika palepale: ningekuwa yeye ningefanya kama yeye, na kama ningekuwa hai nisingependa kukutana na ndugu wa waliokuwa majini. Kwamba mimi mwenyewe ni mmoja wa ndugu hao halijanisaidia kuamua. Wapo wanaotaka historia iwape mtu wa kumchukia. Kwa kisa hiki mimi sina wa kuwapa.

Msako ulichukua zaidi ya saa mbili. Mapipa yaliilazimisha I-27 kuibuka. Paladin ikaelekea kuigonga kwa omo, kisha ikapewa amri ya kuacha, ikachelewa kugeuka, na pezi la chuma la nyambizi likaichana ubavu. Petard ikaipiga kwa mizinga, lakini chuma chake kilikuwa kigumu na makombora hayakukipasua. Ikarusha topido moja baada ya nyingine, sita zikakosa. Ya saba ikapata. Karibu mabaharia mia moja wa Kijapani wakafa pale, akaokolewa mmoja. Petard ikawa manowari yenye sifa ya pekee, ya kuwa imezamisha nyambizi za Wajerumani, za Wataliano na za Wajapani, na katika vitabu vya vita sifa hiyo ndiyo inayokumbukwa kwanza.

Waliotoka wazima katika Khedive Ismail ni wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni 1,297, na 77 kati yao walikuwa wanawake. Haujatokea msiba mwingine wa siku moja ulioua wanajeshi wa kike wengi kiasi hicho katika majeshi ya Uingereza na Jumuiya yake ya Madola, na kwa hiyo, katika machache yaliyoandikwa huko Ulaya kuhusu meli hii, wauguzi hao ndio wanaotajwa kwanza. Nami nawatajia rehema. Lakini kundi kubwa kuliko yote lililopanda meli hiyo lilikuwa la vijana wetu.

Kila darasa nililolifundisha liliijua Titanic, hata shule ambazo hazikuwa na umeme. MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, nchi nzima ililia, na jina la meli hiyo limeingia katika nyimbo na katika mazungumzo yetu, kiasi kwamba mtu akisema "mwaka wa MV Bukoba" kila mtu anajua asemalo. Vita ya kwanza ya dunia nayo ilituachia neno: wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi, wakafa kwa maelfu, wamebaki katika jina la Kariakoo ya Dar es Salaam na dada yake Kariokor ya Nairobi, ambalo ni jina la kikosi chao lililotamkwa kwa kinywa chetu. Vita ya pili ilituachia Burma, na Nairobi hata leo kuna soko la jina hilo. Shaaban Robert, mtu wa Tanga, aliiandikia vita hiyo utenzi mrefu kupita tenzi zake zote, Utenzi wa Vita vya Uhuru, nasi tuliusoma chuo cha ualimu tukiwa vijana, tukilalamikia urefu wake. Khedive Ismail haikuacha neno. Ukilitaja jina hilo sokoni Tanga au Mombasa, muuza samaki atadhani unamtafuta mtu.

Nadhani sababu mojawapo ni usiri wa vita, kwani habari za meli zilizozamishwa hazikuwa za kutangazwa hovyo. Sababu nyingine ni kwamba waliokufa hawakutoka mji mmoja. Karatasi moja ilikwenda kwetu, nyingine ikaenda mlimani, nyingine nchi kavu ambako hakuna hata mto wa maana, na kila nyumba ikaisoma yake peke yake bila kujua kwamba siku hiyo zilitumwa mamia. Na sababu kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni lile neno. Aliyepotea hatungiwi maombolezo. Malenga hawezi kumlilia mtu ambaye huenda jioni akabisha hodi.

Hata istilahi zilitukimbia. Babu angeitaja nyambizi kwa jina gani? Neno manowari alilijua, maana tulikwisha lichukua zamani kwa Waingereza na kulifanya letu. Nyambizi, neno zuri linalonikumbusha watoto wapigao mbizi kwenye maji mafupi, hakuwahi kulisikia. Shangazi alikuwa akisema "chombo kinachokwenda chini".

Mwaka 2006 nilikwenda Nairobi kwa warsha ya walimu wa Kiswahili, na siku ya mwisho nikawaaga wenzangu waliokwenda madukani. Nikapanda matatu ya barabara ya Ngong hadi makaburi ya vita. Ni mahali pa utulivu, nyasi zimekatwa vizuri, mawe yamejipanga kama watoto wa shule mstarini. Hapo ndipo ulipo ukumbusho wa wanajeshi wa Afrika Mashariki wasio na makaburi, na miongoni mwao wamo waliokwenda na Khedive Ismail. Nilitembea na kidole juu ya majina kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa yalikuwa mengi, na kwa kuwa kila jina nililolipita nililiona aibu kuliruka. Kisha nikalikuta lake. Nililisoma kwa sauti, kama nilivyokuwa nikisoma mahudhurio darasani, nikasimama hapo kidogo.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kijijini kwa shangazi. Alikuwa amepita miaka sabini na mitano, macho yamefifia, akili nzima. Nikamwamkia, nikakaa mkekani, nikamweleza. Nilimwambia kwamba kaka yake hakufika Burma. Nilimwambia habari za meli, na siku, na kwamba ilizama upesi mno, na kwamba wengi walikuwa ndani.

"Ilikuwa saa ngapi?" akauliza.

"Saa nane na nusu mchana, shangazi. Siku ya Jumamosi."

Alinyamaza. Nadhani alikuwa akitafuta katika kumbukumbu zake Jumamosi ya miaka sitini na miwili iliyopita, kama alikuwa kisimani au jikoni. Halafu akasema, "Lakini yeye alikuwa anajua kuogelea, mwanangu. Alikuwa akivuka mto kwenda na kurudi."

Swali hilo nililiogopa njia nzima. Mtu anayejua kuogelea ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuwa juu ya maji wakati mapipa yalipotupwa. Sikujua kama alitoka ndani ya meli, na hakuna atakayejua, lakini yeye alimjua kaka yake, na kwa maneno yake mwenyewe alikuwa amemtoa ndani akamweka majini akiogelea. Nilimwambia, "Meli kubwa ikizama, shangazi, huvuta." Ni kweli kwamba huvuta. Sikumwambia mengine. Amefariki mwaka 2013 bila kuyajua, nami nimeyaandika hapa mara ya kwanza kwa kuwa sasa hakuna nyumbani ambaye yatamwumiza kama ambavyo yangemwumiza yeye.

Siku ileile aliniagiza nimletee daftari. Kila mwaka nyumbani kwetu husomwa hitima ya wazee, na majina ya marehemu yameandikwa katika daftari hilo kwa mfuatano, kwanza kwa hati ya babu, kisha ya baba, kisha yangu. Jina la baba mkubwa halikuwemo. Kwa miaka yote hiyo, wakati majina yakisomwa, yeye alikuwa bado yupo safarini. Shangazi akaniambia nimwandike. Nikafungua ukurasa wa mwisho, akanizuia. Alitaka awekwe mahali pake, baada ya watoto wawili wa bibi waliokufa wachanga na kabla ya babu mwenyewe, aliyefariki mwaka 1952, kwa sababu mwana alimtangulia baba. Nilipatafuta mahali hapo, nikakuta mistari imebanana, hakuna nafasi. Nikaliandika jina pembeni, kwa herufi ndogo, nikachora mshale kuonyesha linapoingia. Akaniomba nilisome. Nikalisoma.